Mchuzi Usio na Pilipili

Walikutana kwa muuza kuku, Jumamosi asubuhi, foleni imefika barabarani. Mwanamke alikuwa mpishi wa hoteli. Mbele yake alisimama fundi saa aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, akigeuza maini moja moja kutafuta doa la nyongo.

"Kaka, unanunua maini au unachagua mchumba?"

"Mchumba nimempata sasa hivi, dada. Maini ndiyo bado."

Foleni nzima ikacheka. Mpishi naye akacheka, na moyo wake ukaenda.

Kwa miezi saba simu zao hazikupoa, ila Jumamosi mchana. Saa hizo fundi alikuwa hapatikani. Basi Jumamosi moja mpishi akavaa gauni lake la kijani, akaenda kwake bila taarifa.

Mlango ulikuwa wazi. Vitunguu vilikuwa vimeiva kwenye siagi, maini yakichemka taratibu. Fundi alikuwa ameshika krimu mkononi, akashtuka kama mwizi.

"Mpenzi! Mbona hukusema?"

"Punguza moto kwanza, krimu itakatika."

Akapunguza, akamimina kidogo kidogo. Mpishi akachota kijiko, akaonja. Mwanamume huyu hutafuna pilipili mbichi kama karanga. Mchuzi huu haukuwa na hata punje. Na pembeni palikuwa na bakuli la mfuniko, limewekwa juu ya kitambaa cha maua.

"Hili la nani?"

"La mtu."

"Mtu wa kike?"

"Mpenzi, kaa kwanza, tule..."

"Usiniite mpenzi. Nalisha watu mia mbili kwa siku. Najua chakula kilichopikwa kwa kumfikiria mtu, na aliyefikiriwa hapa si mimi."

Akachukua mkoba wake. Ndipo simu ikaita. Fundi akaitazama, asiishike. Mpishi akaibonyeza yeye, sauti ikajaa jikoni: ya kike, kongwe, yenye mikwaruzo.

"Mkwe wangu, leo vipi? Njaa inanitafuna, na mimi meno ya kulipiza sina!"

"Nakuja, mama," fundi akajibu, akakata. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mkwe?"

"Ni mama wa yule aliyeniacha."

"Aliyekukimbia na mwenye lori?"

"Binti ndiye alinikimbia. Mama hakunikimbia. Anaishi peke yake, na binti yake hajaonekana mwaka wa nne huu."

"Kwa nini ulinificha?"

"Nilijua utasema bado namlilia mwanawe."

"Na bado unamlilia?"

Fundi akakoroga mchuzi mara mbili, ndipo akajibu. Mpishi alihesabu.

"Mwaka wa kwanza nililia, sikufichi. Siku hizi hata sura yake inanichenga. Lakini mama wa watu atakula nini?"

Mpishi alimtazama usoni kama anavyotazama samaki sokoni, machoni kwanza. Kisha akaweka mkoba chini, akachukua uma, akaanza kuponda maini ndani ya sufuria.

"Vipande vikubwa hivi! Unataka kumkaba bibi wa watu?"

"Miaka minne hajalalamika."

"Anakustahi." Akajaza bakuli, akalifunika, akalifunga kwa kitambaa. "Twende."

Fundi alibaki amesimama. "Tukifika, nimwambie wewe ni nani?"

"Mwambie ni mke wako," akasema, akishika njia. "Na uharakishe kunioa, nisije nikaonekana mwongo mbele ya mtu mzima."