Binti wa Winchi

Walikutana kwenye msongamano langoni mwa kampuni ya ujenzi, asubuhi ya usaili wa mafunzo ya winchi. Binti alivaa gauni la njano na buti za kazi za kaka yake. Kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi akamkanyaga, akaomba radhi, akazitazama buti.

"Dada, hizo zimekuja kuomba kazi zenyewe?"

"Zimekuja kukuonyesha njia, kaka."

Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa. Binti alimwita Mkanyagaji, na mama yake akazoea kumsikia akicheka peke yake jikoni.

Kisha majibu yakatoka. Kampuni hiyo haikuwahi kumpandisha mwanamke kwenye winchi. Safari hii ilitenga nusu ya nafasi kwa wanawake. Binti akapata. Kijana akakosa, akapewa kazi ya kufunga mizigo chini.

"Hongera, mpenzi," kijana alisema kwenye simu. "Ila ungekuwa mwanamume, wangekuchukua?"

"Na hao wanaume wa miaka yote, wangekuwa wanawake wangechukuliwa?"

Binti akakata simu, na kijana alipopiga hakupokea tena. Alilia, akanawa uso, kulipokucha akapanda ngazi ya winchi. Mafundi walimpachika jina la Mgawo, kwamba alipata kazi kwa zile nafasi za wanawake tu. Alishinda kibandani juu akijifunza kushusha vyuma bila kuviyumbisha, mpaka msimamizi akaacha kumchungulia.

Siku aliyoachiwa winchi peke yake, wafungaji mizigo walisogea pembeni. Walisema hawafi kwa ajili ya Mgawo. Kutoka juu binti aliona kofia moja tu ikibaki, ikisogea katikati, na mkono ukiinuka kumwashiria ashushe. Alimtambua. Akashusha mhimili taratibu, ukatua mbele ya kijana kama umewekwa kwa mkono.

Mchana kijana alimngoja chini ya ngazi.

"Kwenye usaili mimi niliulizwa nimewahi kuendesha mashine gani. Wewe uliulizwa nani atakulelea watoto. Uliponisimulia, nilicheka tu." Alivua kofia. "Nilikuwa na wivu, nikauita haki. Kukosa bado kunaniuma, lakini hukuniibia. Nataka nije kwenu, niongee na mama."

Binti alivua glavu.

"Ukiniita Mgawo hata kwa utani, tumeachana."

"Sitakuita."

"Basi njoo Jumapili," alisema, akavaa glavu, akaanza kupanda.