Mguu Ndani ya Chetezo

Nyumbani kwa Bibi Lieu, kazi ya kwanza ya siku ni ubani. Bibi huwasha vijiti vyake mbele ya picha ya marehemu mumewe, huinamisha kichwa, humtaja Buddha kwa sauti ya chini, na baada ya hapo ndipo hutoka uani kuufunua udongo uliolala chini ya gunia bichi. Mjukuu wake Khue, aliyekuja likizo kutoka jiji la Da Nang, alipewa kazi ya kufagia uani kabla vyungu havijatolewa nje.

"Unafagia au unaipapasa hiyo ardhi?" binamu yake Thoai alimcheka. Thoai alikuwa amechuchumaa, anakanda udongo, mikono imechafuka hadi kwenye viwiko.

"Wewe kanda udongo wako. Kwetu tuna sakafu ya vigae."

"Vigae vyenyewe mmevipata wapi kama si kwetu?"

Khue alicheka. Hakuna mahali alipopapenda kama Thanh Ha, kijiji hiki cha wafinyanzi cha bibi yake. Alipenda vyungu vilivyopangwa ukutani mpaka kwenye mapaa, na harufu ya kuni ikichanganyika na upepo wa mto Thu Bon. Zaidi ya yote alipenda mikono ya bibi yake. Bibi akiushika udongo, ule udongo huinuka wenyewe kama mtu aliyeitwa jina. Mwaka huu Khue alikuwa amewaambia wenzake wote darasani kwamba akirudi atakuwa mfinyanzi.

Lakini kule kwa Bibi Lieu gurudumu la kufinyangia halitaki mtu mmoja. Mmoja huketi chini na kufinyanga. Mwingine husimama kwa mguu mmoja, ameshika kamba iliyoning'inia darini, na kwa mguu wa pili hulisukuma gurudumu lizunguke. Katika nyumba ile, mguu ulikuwa wa Bibi Nhan, wifi yake Bibi Lieu. Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu Bibi Lieu alipoletwa pale akiwa bibi harusi, na waligombana juu ya kila kitu isipokuwa kazi.

Sasa goti la Bibi Nhan lilikuwa limevimba. Nalo lilivimba wakati mbaya, kwa maana nyumba yao ndiyo iliyoombwa kutengeneza chetezo kikubwa cha hekalu la kijiji, kwa ajili ya sikukuu ya kuwakumbuka wafinyanzi wa kwanza. Chetezo kama hicho hukauka polepole kivulini kabla ya kuingia tanurini. Kisipofinyangwa siku ile, kazi ingepewa nyumba nyingine.

"Itakuja zamu nyingine," alisema Bibi Nhan, akijipaka dawa gotini.

"Zamu nyingine itanikuta kaburini, wifi," alijibu Bibi Lieu. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Khue, njoo ushike kamba."

Khue alikunja uso. "Bibi, mimi nilitaka kufinyanga."

"Hata mimi nilitaka," alisema Bibi Nhan. "Nikapewa kamba. Unaniona nimekufa?"

Khue alishika kamba. Walianza na vikombe vidogo, na mguu wake ukajifunza haraka. Bibi Lieu alipoona gurudumu limetulia, alisema waanze chetezo chenyewe. Thoai alikuwa anaviringisha udongo kuwa kama nyoka wanene na kumpa bibi mmojammoja, naye akiwazungusha juu ya kitako cha chetezo na kuwakandamiza. Ukuta ukaanza kupanda.

Hapo ndipo wageni walipoingia, kundi zima lenye kofia na kamera. Walizunguka gurudumu wakishangaa. Mmoja alipiga magoti aipige picha mikono ya Bibi Lieu. Mwingine aliupiga picha uso wake. Mwanamke mmoja alimwomba Khue asogee kidogo, maana alikuwa anaziba mwanga.

Khue alisikia joto masikioni. Alisogea, lakini macho yake yaliwafuata wageni. Akasukuma kwa nguvu ili waone kwamba naye yupo. Gurudumu likaenda mbio, kisha likapungua, kisha likaenda mbio tena. Bibi Lieu alimtazama mara moja tu, akaendelea kufinyanga. Chetezo kikamalizika, wageni wakapiga makofi, wakaenda nyumba ya jirani.

"Mguu wako ulikuwa umetulia?" Bibi Lieu aliuliza taratibu.

"Ndiyo, Bibi."

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

Thoai aliinama akajifanya anatafuta kitu chini. Bibi Lieu hakubishana. Alimwita wifi yake. Bibi Nhan alijikokota hadi kwenye gurudumu, akafumba macho, akaingiza vidole ndani ya chetezo na kuanza kupapasa ukuta kutoka chini kwenda juu.

"Hapa mtoto yuko vizuri," alisema. "Hapa pia. Hapa amechoka, akapumzisha mguu, si kitu." Vidole vilipanda. "Aa. Hapa ameangalia pembeni. Na hapa..." Alifumbua macho. "Hapa amekasirika. Nani alikukasirisha, mama?"

 Bibi Nhan aliuchukua mkono wa Khue na kuuingiza ndani. Nje chetezo kilikuwa laini kabisa. Ndani, vidole vya Khue vilipita juu ya mistari midogo iliyolingana, kisha ghafla vikagota kwenye uvimbe, kisha mahali pembamba kama ganda la yai.

Bibi Lieu alichukua uzi wa kukatia, akakikata chetezo vipande viwili.

"Bibi!" Khue alipiga kelele. "Wageni wamekisifu!"

"Wamesifu walichokiona. Moto wenyewe hausifu mtu. Ungefika hapo penye wembamba na ungekipasua, nacho kingeangukia vyungu vya wenzetu tunaochoma nao."

Alianza kunawa mikono. Khue aliona jinsi alivyokuwa ananawa, polepole, kama mtu aliyekwisha kuiaga kazi. 

"Bibi, nilikudanganya," alisema. "Niliwaangalia wageni. Nilitaka wanione mimi. Naomba tujaribu tena leo hii. Nisipoweza, kazi ipewe nyumba nyingine, sitalia."

"Utalia," alisema Thoai.

"Basi nitalia, lakini nitasukuma!"

Bibi Nhan alicheka hadi akashika goti lake. "Wifi, usiondoe maji. Mtoto amesema kweli, na udongo bado upo."

Kisha akamvuta Khue karibu. "Unajua mimi huwa nafanya nini hapo nikisimama? Namtaja Buddha, kimoyomoyo. Jina moja, msukumo mmoja. Anayepita uani simjui, anayenisifu simjui. Jaribu."

Walianza upya baada ya chakula. Khue alishika kamba, akavuta pumzi, akalitaja lile jina kama alivyolisikia kila asubuhi mbele ya picha ya babu. Jina moja, msukumo mmoja. Mguu uliomshikilia ulimuuma, kisha ukafa ganzi. Jasho lilimwingia machoni. Gurudumu lilinguruma kwa sauti moja, kama paka aliyelala. Kundi lingine la wageni lilikuja likaondoka, na Khue aliambiwa baadaye na Thoai kwamba lilikuja.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika kwenye gurudumu Bibi Lieu aliposema, "Acha."

Bibi Nhan alifumba macho, akaingiza vidole. Alipapasa chini. Akapapasa katikati. Alipofika juu alirudi tena chini.

"Mbona husemi kitu, wifi?" aliuliza Bibi Lieu.

"Nasema nini? Namtafuta mtoto humu ndani, simwoni."

Bibi Lieu aliingiza mkono wake, naye akatabasamu. Khue ndipo alipoelewa kwamba amesifiwa.

Chetezo kilikaushwa kivulini, kikachomwa pamoja na vyungu vya majirani, kikatoka kizima, chenye rangi ya chungwa lililoiva. Siku ya sikukuu kilibebwa hekaluni. Mzee mmoja wa kijiji alikizunguka akikiangalia, akauliza ni kazi ya nani.

"Mikono yangu," alijibu Bibi Lieu, "udongo wa Thoai, na mguu wa Khue."

Kabla hakijajazwa majivu ya kusimamishia ubani, Khue aliomba akiguse. Aliingiza mkono. Mistari midogo ilipanda moja juu ya nyingine, sawasawa, mpaka mdomoni. Kisha majivu yakamiminwa, yakaifunika yote.

"Basi," alisema Bibi Nhan, akiegemea fimbo yake. "Hakuna atakayeigusa tena kazi yako. Lakini chetezo kimesimama kwa sababu yake. Fanya kazi namna hiyo, mwanangu, aonaye na asiyeona kwako wawe sawa. Na ukikosea, sema mwenyewe kabla ya moto."

Bibi Lieu alimpa Khue kijiti cha kwanza cha ubani, akakisimamishe.