Bilauri ya Bluu na Mlango wa Tanuri

Kila Jumamosi, kengele ya kanisa ikigonga saa mbili asubuhi, Zanetta alikuwa ameshamaliza mkate na maziwa, ameshafunga nywele kwa kitambaa, na yuko mbioni kando ya mfereji kuelekea karakana ya shangazi yake, Orsola. Watoto wenzake wa kisiwani Murano walikwenda kucheza mpira siku hiyo. Yeye alikwenda kuunguza nyusi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu Septemba ya mwaka uliopita alikuwa akijifunza kupuliza kioo.

Jumamosi hii haikuwa ya mchezo. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, na katika karakana ya Orsola mafundi wote walikula meza moja siku hiyo. Kila mtu alinywea bilauri aliyoipuliza mwenyewe. Asiyekuwa nayo alipewa kikombe cha chai kilichovunjika mkono, akachekwa mpaka sahani zinaondolewa mezani. Mwaka jana aliyepewa kikombe hicho alikuwa Zanetta, naye aliapa hatakishika tena.

Shida ni kwamba kioo hakikumsikiliza. Ukichovya bomba la chuma tanurini, kioo kinatoka chekundu, kizito, kinachuruzika kama asali. Ukiacha kulizungusha bomba kidogo tu, kinalala upande. Ukipuliza kwa nguvu kinapasuka, ukipuliza kwa woga hakivimbi, na ukisimama kujiuliza ufanye lipi, kimeshakuwa kigumu. Zanetta alikuwa ameharibu bilauri kumi na tisa.

“Hii ni bilauri au kiatu?” Mzee Bepi alimuuliza wiki iliyopita, akiinua moja iliyopinda. Kwa miaka arobaini mzee huyu alikuwa mtunzaji wa tanuri la kupozea, ambamo kioo kilichokwisha kupulizwa hupoa polepole usiku kucha, na mdomo wake haukujua kupumzika.

“Ni bilauri, Mzee.”

“Basi nitengenezee na mwenzake, nivae Jumapili.”

Jumamosi hii asubuhi Zanetta alivunja nyingine mbili. Ya tatu ilipoanza kupinda, Shangazi Orsola alimshika bega.

“Unapigana nacho. Taratibu.”

“Nikienda taratibu kinapoa, Shangazi.”

“Kikipoa, kirudishe motoni. Nani kakukataza?”

Hakuna aliyemkataza. Siku zote Zanetta alidhani kurudi motoni ni kushindwa, kwa hiyo alikuwa akikimbizana na kioo kama mtu aliyechelewa boti. Sasa alikirudisha, kikalainika. Akazungusha, akapuliza pumzi fupi, akakirudisha tena. Mara nne alikwenda na kurudi, jasho likimwingia machoni, moyo ukimdunda kwa furaha, kwa maana mara hii alikihisi kioo kikimfuata. Shangazi alipoigonga ile bilauri itoke kwenye bomba, ilitoka ya bluu, imesimama wima, nene kidogo kwenye kitako.

Mafundi waliacha kazi kuitazama. Mzee Bepi alivua kofia.

“Leo sina la kusema,” alisema. “Andikeni tarehe.”

Shangazi aliibeba kwa koleo refu na kuiweka ndani kabisa ya tanuri la kupozea, nyuma ya maua kumi na mawili meupe ya kioo yaliyotengenezwa kwa ajili ya taa ya ukumbi. Mteja angeyachukua Jumatatu.

“Mpaka kesho asubuhi,” alisema. “Mlango haufunguliwi. Kioo kikipigwa na baridi kabla ya wakati wake, kinapasuka.”

Mzee Bepi alifunga mlango na kusukuma komeo. Saa kumi jioni wote walikwenda kunawa uani, na Zanetta akabaki peke yake mbele ya tanuri. Hakuweza kutulia. Je, rangi imebadilika? Je, bado imesimama? Alivaa glavu, akavuta komeo, akafungua mlango kidogo. Upepo wa Desemba ulimpita ubavuni na kuingia tanurini. Bilauri yake ilikuwa pale, nzuri mno. Alihesabu mpaka kumi, akafunga, akaenda nyumbani akirukaruka njia nzima.

Jumapili asubuhi Shangazi alifungua tanuri watu wote wakitazama. Maua saba ya mbele yalikuwa yamepasuka. Bilauri ya bluu, kule nyuma, ilionekana nzima.

Zanetta alirudi nyuma ya migongo ya mafundi.

“Mlango nilifunga mimi,” alisema Mzee Bepi. Kisha akasita. “Nilifunga, sivyo? Mwezi uliopita niliisahau miwani ndani ya friji. Labda na komeo nimelisahau.” Alichukua glavu zake kwenye msumari, akaziweka juu ya benchi. “Orsola, mwanangu, tafuta mtu mwenye kichwa kizima.”

Hakuna aliyecheka.

“Tutaongea baadaye, Mzee,” Shangazi alijibu kwa upole. “Kwanza tule.”

Meza ilijaa ugali wa manjano na ngisi aliyepikwa na wino wake. Bilauri ya bluu ilikuwa mbele ya Zanetta, jua la dirishani likipenya ndani yake. Ndiyo siku aliyoingoja mwaka mzima, lakini tonge alilisukumasukuma tu kwenye sahani. Mzee Bepi aliitazama mikono yake. Shangazi alipofika na juisi ya zabibu, Zanetta aliifunika bilauri kwa kiganja.

“Usinimiminie, Shangazi. Mzee alifunga mlango. Mimi niliufungua. Nilitaka kuiona bilauri yangu.”

“Na asubuhi ulinyamaza kwa nini?”

“Niliogopa kupewa kile kikombe. Kisha Mzee akaweka glavu chini, nikaogopa zaidi.”

Mzee Bepi aliinua uso polepole. “Kwa hiyo kichwa changu ni kizima?”

“Kizima, Mzee. Nisamehe.”

“Nenda ukamwambie mke wangu. Mimi hataniamini.”

Meza nzima iliangua kicheko, isipokuwa Shangazi. Aliichukua bilauri, akaigonga kwa ukucha. Ilitoa mlio mbovu. Aliielekeza dirishani, na kwenye kitako ukaonekana ufa mwembamba kuliko unywele.

“Ingeweza kukupasukia mkononi,” alisema, akaiweka kando na kuketi karibu naye. “Sikiliza, mwanangu. Bilauri ulizovunja sizihesabu. Mimi nimevunja nyingi kuliko wewe, ndivyo tunavyojifunza. Lakini kosa ukilinyamazia, linaendelea kupasua chini kwa chini, na linamfikia mtu asiyehusika. Ukikosea, sema mapema, kama unavyokirudisha kioo motoni kabla hakijawa kigumu. Hapo bado kinatengenezeka. Sasa kula. Baada ya hapo mimi na wewe tuna maua saba ya kupuliza.”

Zanetta alikwenda mwenyewe kabatini, akakitoa kikombe kilichovunjika mkono, akakinyoosha kimiminiwe.

“Kishike vizuri,” Mzee Bepi alimwambia. “Hicho hakina mkono wa kukusaidia.” Alisogeza bilauri yake pembeni, na Zanetta alipokwisha kunywa, akakipokea kikombe hichohicho, akanywa na yeye.

Mchana ule Zanetta alizungusha bomba la shangazi yake mpaka mabega yakamwaka moto. Hakuhesabu wala hakujiuliza, mikono ilishajua mwendo. Ua la saba lilipoingia tanurini, Mzee Bepi alivaa glavu zake, akafunga mlango, akasukuma komeo.

“Shahidi wangu ni nani leo?” aliuliza.

“Ni mimi, Mzee,” alisema Zanetta. “Umefunga.”