Nilitia Saini Sindano za Maji

Nina miaka arobaini na mmoja. Ni muuguzi, mzaliwa wa mtaa wa Barani hapa Malindi, mama wa watoto wawili, Nasri na mdogo wake, na hadi mwaka jana ningewaambia bila kusita kwamba mimi ni mke wa Athman. Siku hizi nikiulizwa hilo, nasita... Someni mtajua kwa nini, wala msikimbilie kunihurumia.

Nianze na huyo mwanamke. Nitamwita Bi Mwanasha, ingawa hiyo "Bi" yanikwama kooni.

Tulifanya kazi pamoja katika wodi ya upasuaji, hospitali moja ya hapa pwani ambayo jina lake silitaji. Alinizidi miaka kumi na mitano. Zaidi ya hayo, alikuwa somo yangu. Walio mbali na sisi huenda wasijue uzito wa neno hilo. Somo ndiye mwanamke anayekuchukua siku za arusi yako, akakuogesha, akakusinga mwili kwa manukato, akakufunza ya chumbani, na siri yako akaenda nayo kaburini. Usiyoweza kumwambia mama mzazi, somo wamwambia.

Mimi nilikuwa na siri. Nilipokuwa chuoni nikisomea uuguzi palikuwa na mwanamume, na ilipofika arusi yangu sikuwa vile Athman na watu wake walivyodhani. Bi Mwanasha alijua, akalifunika jambo kwa ujanja wake. Wakubwa mwanielewa. Vigelegele vikapigwa, nami nikawa na deni lisilolipika.

Sasa sikilizeni tulivyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Dawa kali za maumivu, kama mofini, hukaa kwenye kabati la kufuli. Muuguzi mmoja huchota, wa pili hushuhudia: aone kichupa kikivunjwa, aone dawa ikivutwa, afuatane na mwenzake hadi kitandani mgonjwa adungwe. Kisha wote wawili hutia saini kwenye daftari. Haihitaji akili nyingi.

Lakini nimshuhudie somo yangu? Nimfuate nyuma kama askari jela? Ingekuwa sawa na kumwambia mama akunjue kiganja nione alichoficha. Kwa hiyo nikifika asubuhi nilitia saini za siku nzima kwa mpigo, kabla hata kichupa kimoja hakijavunjwa, naye akicheka na kuniita mwanangu. Nilijiona nina adabu. Adabu ya mjinga!

Mwezi huo tulikuwa na mkulima kutoka upande wa Magarini, aliyekatwa mguu juu ya goti kwa ugonjwa wa sukari. Nitamwita Mzee Karisa. Mkewe, Mama Kadzo, alishinda naye akimpepea kwa leso. Mzee alilia. Asubuhi kidogo, mchana sana, hadi wagonjwa wengine wakaomba ahamishwe. Nilikwenda kutazama daftari: mofini amepewa saa nne, saini ya Bi Mwanasha, na pembeni yake saini yangu. Nikaridhika.

Mama Kadzo akanishika mkono. "Daktari," akaniambia, maana kwake kila aliyevaa nyeupe ni daktari, "mbona sindano ya alfajiri, ya wale wa zamu ya usiku, yamlaza, na hii ya Bi Mwanasha haimlazi?"

Mwanamke ambaye hakukanyaga hata darasa moja ndiye aliyeona. Mimi mwenye cheti ukutani nilimjibu kwamba mguu usiokuwapo hauwezi kuuma, kwamba mzee anadeka, na kwamba wanaume wa shamba wakifika hospitali hugeuka watoto. Halafu nikaondoka nimeinua kichwa.

Dalili zilikuwapo tele, asiyetaka tu ndiye asingeziona. Joto lote hili la Malindi, Bi Mwanasha alivaa sweta la mikono mirefu. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama punje za mtama. Alijikuna pua, akasinzia amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango. Siku zake za mapumziko alikuja "kusaidia", na msaada wenyewe ulikuwa kudunga sindano tu. Akiambiwa abadilishe shuka, mgongo unamuuma. Sisi tukasema ni bidii. Wodi nzima ya wauguzi waliosoma, na hakuna aliyejiuliza ni bidii gani hiyo isiyojua kufagia.

Adhuhuri moja nikaingia chumba cha kubadilishia nguo kutafuta viatu vyangu. Bi Mwanasha alikuwa ameketi sakafuni, baibui ameipandisha gotini, mpira ameufunga kwenye kifundo cha mguu, sindano ingali mshipani. Kichupa kilikuwa kando yake. Nilikijua, maana asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kukitilia saini.

Nilimuuliza Mzee Karisa amempa nini.

"Maji," akasema, wala hakunitazama. "Maji safi ya sindano, hayamdhuru. Mgongo, mwanangu... Miaka yote hii nawainua watu. Wadhani mie sina maumivu?"

Ningemhurumia, wallahi. Mgongo wake kweli uliharibika kazini, na kama angeniomba nimsindikize kwa daktari ningemshika mkono. Lakini maji! Kumpa maji mtu aliyekatwa mguu, kisha urudi kwenye kiti chako na hina yako na udi wako, umsikie akilia... Nilimwambia nakwenda kwa msimamizi wa wodi.

Hapo macho yake yakafunguka. "Kaseme," akasema taratibu. "Nami n'takwenda dukani kwa Athman n'kamwambie alioa nini. Au umesahau nani alokufichia?"

Nikafunga mlango, nikarudi wodini.

Wiki tatu nilinyamaza. Naandika hivi ili msome vizuri na mnidharau inavyostahili. Kila asubuhi nilitia saini. Nilijua ni maji, nikatia saini. Nilipanga zamu zangu nisikae upande wa kitanda cha Mzee Karisa, nikasogeza meza ya daftari mbali na dirisha nisimsikie. Nilijiambia naokoa ndoa yangu. Bi Mwanasha aliniahidi ataacha baada ya siku chache, nami nikajifanya naamini, kwa kuwa kumwamini kulikuwa rahisi.

Kisha ikafika siku ya kufunga vidonda na zamu ikaniangukia mimi. Nilimkuta mzee ameiuma leso ya mkewe, ameisokota na kuijaza mdomoni ili asisikike. Siku nyingi alikuwa akifanya hivyo na mimi nilidhani amepata nafuu. Nilipoitoa ile leso ilikuwa na damu ya fizi.

Akanitazama. Hakupiga kelele. "Mwanangu," akasema, "nimekukosea nini?"

Alidhani anaadhibiwa. Mzee wa watu alikuwa amelala pale siku zote akitafuta kosa lake... Nilichukua funguo za kabati, nikamwita kijana wa maabara asimame aone kila hatua, nikavunja kichupa mwenyewe, nikamdunga mzee. Nusu saa baadaye mzee alikuwa amelala usingizi, na Mama Kadzo analia chini kwa chini. Nilitoka pale moja kwa moja hadi ofisini.

Mnadhani nilipokewa kama shujaa? Msimamizi wetu, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni na asiye na uti wa mgongo hata mmoja, aliniambia haya ni mambo ya akina mama, tukayamalize nyumbani, jina la hospitali lisichafuke. Nikamwambia mfamasia aitwe sasa hivi, la sivyo napanda ngazi hadi juu. Mfamasia akaja, akakagua vichupa vilivyobaki na mabomba ya sindano aliyokwisha kuandaa Bi Mwanasha. Mabombani mlikuwa na maji. Bi Mwanasha akanyang'anywa funguo.

Alasiri hiyohiyo, kabla sijavua sare, somo yangu alikuwa dukani kwa mume wangu kule Muyeye. Alisema yote mbele ya wateja. Mwanamke aliyepaswa kwenda na siri yangu kaburini hakuweza kwenda nayo hata mpaka magharibi.

Nilifika nyumbani nikamkuta Athman ameketi barazani. Nikapiga magoti. Nililia, nikamwambia kuhusu yule mwanamume wa chuoni, na kuhusu Mzee Karisa na yale maji, nikaomba radhi ya miaka kumi na saba. Aliniacha nimalize.

"Hilo la zamani ni lako na Mola wako," akasema. "Nami si malaika. Lakini huyo mzee alilia siku ngapi baada ya wewe kujua?"

Nikamwambia wiki tatu.

"Wiki tatu mtu alia, nawe watia saini, ili mie nisijue? Kwa hiyo waniona mie ni mtu gani, Mama Nasri? Mtu ambaye kwa ajili yake yafaa mzee aumie?"

Aliinuka akaingia ndani, mimi bado nimepiga magoti. Wiki hiyo alihamia kwa ndugu yake Kilifi. Hajaniacha kwa talaka, watoto anawatunza, simu zangu anapokea kwa salamu na kuzikata kwa salamu.

Kazini nilisimamishwa. Haki yao. Kurasa nzima za daftari zilikuwa na saini yangu, na karatasi haijui nani alikuwa somo ya nani. Bi Mwanasha alipelekwa kutibiwa, sasa yuko kwake, na majirani wanampelekea vyakula. Kwa midomo ya mtaa, mimi ndiye mbaya niliyemwaibisha somo yangu. Watu hao hao wakilazwa kesho wataomba mofini, si maji.

Nilikwenda Magarini kuomba msamaha. Mama Kadzo alinitolea kiti, akanipa maji ya kunywa. Mzee Karisa aliitikia shikamoo yangu vizuri, akaniuliza habari za watoto. Lakini nilipojongea kumtazama kidonda, alivuta shuka upesi akalifunika lile gutu la mguu, na akalishikilia kwa mikono miwili. Mkewe akatazama pembeni.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyinyi mnaovaa sare kama niliyokuwa nikivaa mimi: usishuhudie ambalo macho yako hayakuliona, hata kama mwenzako alikuogesha kwa mikono yake. Mwenzako akinaswa na uraibu wa dawa, sema siku hiyohiyo, atibiwe yeye na wapone wagonjwa. Na anayekutishia kwa siri yako, jua ameshaitoa moyoni mwake, imebaki kufika mdomoni tu.

Siri yangu ilitoka vilevile. Kilio cha mzee ndicho ningeweza kukizuia, na sikukizuia.