Mchezo Ulioitwa kwa Jina la Mjomba

Msimu wa korosho, Zuleica aliamka kila siku alfajiri, akafagia uwanja, akachota maji, kisha akafuatana na mama yake, Zaida, kuokota korosho. Tangu warudi kijijini kwao Mucojo kutoka ukimbizini, kila kitu kilikuwa kazi. Nyumba ilikuwa bado nusu, shamba limegeuka pori, na mama alisinzia hata akiwa ameshika mwiko. Jumamosi moja alimkabidhi binti yake kikapu kilichojaa.

"Mpelekee mwenye duka akupe mchele. Usipite pengine, mwanangu. Leo hatuna kingine cha kupika."

Zuleica akapita pengine. Nyuma ya duka watoto walikuwa wakicheza korosho. Kila mchezaji huchomeka zake mchangani, kisha huzirushia kijiwe kwa zamu. Wa kwanza kuziangusha huchukua zote.

"Mpwa wa Mamudo huyo!" Tarique, mtoto wa jirani, alimchokoza. "Au unaogopa?"

Aogope nini? Kijiji kizima kilijua kucheza Kimamudo: ukishindwa, weka mara mbili; ukishindwa tena, ongeza mara mbili; ushindi mmoja utarudisha vyote. Mbinu ilipewa jina la mjomba wake, naye Zuleica alijiona kama amerithi shabaha. Akachomeka korosho moja, akashindwa. Akaweka mbili, akashindwa. Nne, nane, akazidi kuongeza. Lakini kikapu kina kitako, jamani! Kabla bahati haijafika, korosho zilikwisha.

"Ongeza basi!" Tarique alicheka. Aongeze nini, masikini?

Mjomba Mamudo, akitoka kukata miti ya kujengea, alimkuta analia kando ya ukuta wa duka.

"Nimecheza Kimamudo, mjomba, nimemaliza korosho zote za mama. Mbona wewe ulishinda?"

Mjomba alitua mzigo, akakaa chini kama mzee, na wala hakuwa mzee.

"Loo, jina hilo! Nilishinda siku moja tu, mwanangu. Sokoni, watu wamejaa, wakanibeba mabegani. Ndipo wakaiita Kimamudo. Baadaye nikacheza vilevile, nikapoteza wavu wa marehemu babu yako. Siku hiyo hakunibeba mtu. Nilirudi kwa miguu yangu, na mama yako ndiye aliyenifungulia mlango."

"Hukuwaambia watu?"

"Niliwaambia. Wakacheka, wakaendelea kucheza. Haya, inuka, twende kwa mama yako. Utasema mwenyewe."

Zuleica alisema mwenyewe.

"Sina hata nguvu za kukugombeza," mama alisema. Akajifunga upya kitenge chake cha kapulana, akachukua kikapu kitupu.

Wote watatu walirudi mikoroshoni, wakapekua majani makavu hadi migongo ikawauma. Walipata korosho za kutosha kubadilisha na mchele wa mlo mmoja. Walikula jua likishuka.

"Sikiliza, Zuleica," mama alisema mwishowe. "Mchezo wa bahati hupewa jina la mtu aliyeonekana akishinda. Walioshindwa kwa mbinu hiyohiyo ni tele, ila hakuna anayewataja. Jina kubwa halijazi kikapu. Kinachokijaza ni mikono yako. Ukisikia mbinu ya fulani, jiulize kwanza: na wale wengine wako wapi?"

Zuleica aliinamisha kichwa.

"Mmoja wao ni mimi, mama."

Mama akamsogezea sahani yake.

"Kula, mwanangu. Kesho tunaamka mapema."