Kelele ya Dakika ya Ishirini

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, kelele ndani ya studio ilikuwa desibeli 31. Nyangi aliisoma namba hiyo kwenye kipima kelele, akaiandika juu ya ukurasa mpya wa daftari, kisha akaweka tarehe.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Nyangi, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akikaa Musoma kwa shangazi yake, Hyasinta, mwenye studio ya chumba kimoja ya kurekodi na kuchanganya sauti. Kila asubuhi Nyangi alifagia, akafuta vumbi kwenye meza ya mitambo na kukunja waya zilizoachwa sakafuni.

Wiki hiyo kulikuwa na kazi ya kwaya moja ya Suguti. Wanakwaya walikuwa wamepiga video juu ya mawe ya ufukweni, na upepo wa ziwa ukaharibu sauti ya Helena, mwimbaji wao kiongozi. Ilimbidi aimbe upya studioni huku akitazama midomo yake ukutani, ili sauti ifuate picha. Video ingezinduliwa kanisani Jumapili.

Kwa ajili hiyo Shangazi alihitaji projekta, na alikuwa na mbili za kuchagua. Moja ilikuwa kuukuu, ya Mzee Baltazar, mwalimu mstaafu wa Butiama; mwanga wake ulikuwa hafifu. Nyingine ilikuwa mpya, kutoka duka moja la Bunda, na picha yake ilijaza ukuta mzima hata dirisha likiwa wazi. Mwenye duka alikubali irudishwe kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi. Ikipita saa hiyo, haipokelewi tena.

"Kwa picha tu, ningechukua hii ya Bunda," Shangazi alisema. "Lakini maiki iko chumba hiki hiki, na projekta ina feni. Ikizidi 35, maiki itaisikia."

"Si wameandika kwenye boksi kwamba haina kelele?"

"Boksi limeandikwa na anayeuza. Wewe washa kila moja nusu saa, chumba kikiwa kimya. Kila dakika tano soma kipimo, andika. Nafasi sita kwa hii, sita kwa ile."

Projekta ya Butiama ilipimwa asubuhi ile. Namba zote sita zilikuwa 33. Mchana, fundi Alfonsi aliipakia kwenye pikipiki yake kuirudisha kwa mwenyewe, aliyeihitaji siku hiyo, na Shangazi akaenda soko la Mwigobero kununua sato. Nyangi alibaki peke yake na projekta ya Bunda.

Dakika ya tano, 33. Dakika ya kumi, 33. Kisha mlango ukagongwa. Alikuwa Gody, mtoto wa jirani, na mkononi alikuwa na flashi.

"Ukuta wote huo unatazama rangi ya bluu tu?" Gody aliuliza. "Nina mechi humu. Weka tuone wachezaji wakubwa kama nyumba!"

"Napima."

"Si umeshapima mara mbili? Imebadilika?"

Haikuwa imebadilika. Nyangi akachomeka flashi. Walitazama mpira kwa sauti ya juu mpaka waliposikia ndala za Shangazi uani. Gody alitoka mbio na flashi yake. Nyangi alizima projekta, akatazama nafasi nne tupu, akaandika: 33, 34, 33, 34.

Shangazi alisoma ukurasa akiwa bado ameshika mfuko wa samaki. "Vizuri. Tunabaki na hii."

Jumanne saa tatu asubuhi Helena alifika. Walijaribu maiki, ikawa safi. Helena akaimba ubeti wa kwanza, ikawa safi. Alipofika ubeti wa tatu, Shangazi aliinua mkono.

"Simama. Kuna kitu kinavuma."

Katika hedifoni ilisikika sauti kama upepo unaopita chini ya mlango. Walizima projekta ili taa yake ipumzike, na Alfonsi akabadilisha waya wa maiki. Walipojaribu tena, mvumo haukuwapo.

"Ulikuwa waya," Alfonsi alisema.

Helena alirudia kuanzia mwanzo. Kwenye ubeti wa tatu mvumo ukarudi.

Safari hii walishuku friji la dada Sara, mwenye saluni ya jirani, lililoegemea ukuta wa studio. Shangazi alikwenda kumwomba alizime.

"Friji langu huwaga halizimwi mchana!" Sara alisema. "Mnataka niwauzie wateja soda au chai?" Hata hivyo alilizima. Studioni, Helena alikuwa amepumzika na projekta imezimwa. Walijaribu maiki, ikawa safi. Wakafurahi. Dakika kama ishirini baadaye, Helena akiwa katikati ya ubeti wa tatu, mvumo ulirudi.

Ndivyo ilivyokuwa hadi jioni, na ndivyo ilivyokuwa Jumatano. Walibadilisha maiki, wakahamisha kiti, wakaziba upenyo wa mlango kwa blanketi. Kila walipobadilisha kitu, mvumo ulitoweka kwa muda, na kila mmoja akaamini kwamba dawa imepatikana. Helena alikuwa ameimba ubeti ule mara kumi na tisa. Sauti yake ilianza kukwaruza.

"Wanangu, mimi si redio," alisema. "Jumapili nitasimama mbele ya watu na koo gani?"

Alfonsi alikuwa amefungua waya zote za ukutani. Alikaa sakafuni kati ya waya hizo, akakuna kichwa. "Mama Hyasinta, hatujaangalia projekta."

Shangazi alifungua daftari, akamwonyesha. "Dakika ya thelathini, 34. Nyangi ameipima nusu saa nzima. Tusipoteze muda huko. Waya hizi ulizifunga wewe, fundi. Tatizo liko kwenye waya zako."

"Miaka sita nafunga waya mji huu. Sijawahiga kuambiwa hivyo."

"Leo nimekuambia."

Alfonsi alikusanya bisibisi zake moja moja. "Kesho nitakuja kuzirudisha ukutani, basi. Baada ya hapo tafuta fundi mwingine."

Nyangi alikuwa mlangoni na trei ya chai. Aliiweka mezani, akatoka nje.

Jioni alimkuta Gody bombani akikinga maji.

"Wewe ndiye uliyesema niweke mpira," Nyangi alisema.

"Nilisema uweke mpira. Nilisema uandike namba?"

Ndoo ilijaa, ikamwagika, na hakuna aliyefunga bomba mpaka mama mmoja alipowakemea.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, Nyangi alimkuta Shangazi mezani studioni. Alfonsi alikuwa amepiga magoti ukutani, akirudisha waya.

"Shangazi, sijui kama kelele ni ya projekta," Nyangi alisema. "Ninachojua ni kwamba namba nne sikuzipima."

Shangazi aliligeuza daftari. "Zipi?"

Nyangi alizionyesha kwa kidole. "Nilikuwa natazama mpira na Gody. Nilizijaza tu."

Alfonsi aliacha kufunga. Shangazi alichukua kalamu, akazikata namba nne, kila moja kwa mstari mmoja, taratibu. Hakupandisha sauti. Nyangi angependa aipandishe.

"Washa," Shangazi alisema. "Keti hapo. Soma kwa sauti."

Dakika ya tano, 33. Dakika ya kumi, 33. Kumi na tano, 34. Nyangi alianza kutumaini. Kisha taa ya projekta ikawa imepata moto sawasawa, na feni ikaongeza mwendo.

"Dakika ya ishirini, 39," Nyangi alisoma. "Ishirini na tano, 42. Thelathini, 43."

"Ubeti wa tatu," Alfonsi alisema polepole. "Na kila tulipopumzika tuliizima, ikapoa. Siku mbili nimeshtaki friji la watu!"

Shangazi alimgeukia. "Fundi, nilikosea. Nilikulaumu bila kupima. Nisamehe."

"Shikamoo, fundi," Nyangi alisema. "Naomba unisamehe."

"Marahaba. Shikamoo ya leo imechelewa, lakini imefika." Alfonsi aliitazama saa. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na mbili. Alichomoa projekta, akairudisha kwenye boksi, akalifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki. Angefika Bunda kabla ya saa sita, na wakati wa kurudi angekata kona Kiabakari kwenda Butiama kuazima tena projekta ya Mzee Baltazar.

Alipoondoka, Nyangi alitumwa kwa Sara kuomba radhi kwa ajili ya friji, akaenda. Aliporudi, Shangazi alimwita mezani.

"Ungeniachia nafasi nne tupu ningekugombeza dakika mbili," alisema. "Kisha tungepima, na Jumatatu hiyo hiyo tungejua. Nafasi tupu huniambia nipime. Namba ya uongo iliniambia nisitafute, nami nikaitumia kumhukumu mtu asiye na kosa. Jambo usilolipima, andika kwamba hujalipima. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabeba lawama yako."

"Ndiyo, Shangazi."

"Sasa leta mablanketi. Ile ya Butiama inataka giza."

Saa saba na dakika ishirini Alfonsi alipiga simu: duka la Bunda limepokea projekta saa nne na nusu, na ile ya Butiama iko kwenye pikipiki. Saa tisa aliingia studioni, amejaa vumbi. Nyangi alikuwa ameziba dirisha kwa mablanketi mawili. Picha ilitokea ukutani, ndogo kama mkeka wa mtoto, lakini midomo ilionekana.

"Nimepungua mwili," Helena alisema, na Alfonsi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Helena aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shangazi hakuinua mkono. Saa kumi na dakika tano jioni mstari wa mwisho ulikwisha. Shangazi aliusikiliza mara mbili, akavua hedifoni, akaziweka mezani. Nyangi alisoma kipimo cha dakika ya thelathini, akaandika: 33.