Masomo Saba, na Mwanangu Hajui Kusoma

Nina miaka thelathini na minane, mume mmoja na watoto wawili. Nimehesabu mara mbili, maana kwa haya yaliyonipata sijui kama hesabu hiyo itabaki hivyo.

Kabla ya kuja Marekani niliuza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi. Shati lenye kasoro nililiona kabla halijakunjuliwa. Hakuna aliyeniuzia ubovu. Kumbe ubovu mkubwa kuliko wote ningejiuzia mwenyewe, nyumbani kwangu, hapa DeSoto, Texas!

Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani. Tulikubaliana niwasomeshe watoto nyumbani: Karanja wa miaka saba, na mdogo wake Wanjiku. Hapa Texas hakuna mtu wa kuja kukukagua. Niliona nimepata bei nzuri.

Shida ilianza na kusoma. Karanja akiona herufi analia. Leo anajua neno, kesho amelisahau. Basi nikaongeza uchoraji, ili achangamke kidogo. Alichangamka! Nikasema tutarudi kwenye kusoma Jumatatu.

Jumatatu nikaongeza fidla.

Akina mama tunaosomesha nyumbani tulikuwa tukikutana kwenye ukumbi wa kanisa na kubadilishana ujuzi, na hapo ndipo Gikomba yangu yote ilipoamka. Nilisuka nywele za binti wa mwalimu wa fidla, Karanja akafundishwa fidla. Niliwaimbisha watoto wa mwingine nyimbo za Kiswahili, nikapata Kihispania. Mandazi yalinipa sataranji. Uchoraji, fidla, Kihispania, sataranji, kuogelea, mapishi, bustani... saba. Nikahesabu tena. Saba! Picha zikaenda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi wakajibu kwa mikono ya kupiga makofi. Nani angepiga makofi kwa picha ya mtoto anayelilia herufi b?

Rafiki yangu Mama Neema, Mtanzania na muuguzi, ndiye aliyeona. Siku moja alimsikiliza Karanja akisoma kitabu, kisha akaniuliza polepole, "Mwenzangu, huyu anasoma au anaimba? Mbona anataja maneno ya ukurasa kabla hajaufungua?"

Nilimwambia ahesabu watoto wake, wangu aniachie. Tulikaa miezi miwili bila kusalimiana.

Lakini nilijua. Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye aibu yangu... Nilijua kabla yake.

Karanja amepewa jina la babu yake, baba mkwe wangu, tunayemwita Guka. Mzee huyo alikuwa mwalimu kule Murang'a. Kila Jumapili asubuhi kabla hatujaenda kanisani alipiga simu ya video, na kila Jumapili alitaka jambo moja tu: wajina wake amsomee ukurasa mmoja. Nami nilikaa nyuma ya simu, nikimnong'oneza mtoto neno moja moja. Kitabu cha chura alikishika chote kwa kichwa. Guka akicheka, mimi natoka jasho.

Mwaka huu Guka aliugua. Figo. Mume wangu akaegesha lori, akakaa nyumbani akisubiri simu. Mama mmoja aliyetoka Kenya alituletea bahasha iliyofungwa, na maagizo kwamba ifunguliwe na Karanja mwenyewe, Jumapili, Guka akimtazama. Ndani mlikuwa na sentensi sita za Kiingereza chepesi, herufi kubwa kubwa, mwandiko wa mkono unaotetemeka.

Jumapili hiyo mume wangu aliketi nyuma ya simu. Mahali pangu!

Karanja aliitazama karatasi. Akanitazama mimi mlangoni. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha mtoto akainua ile barua kwa mikono miwili na kuanza kusoma kwa sauti safi... hadithi ya chura.

Alisoma yote. Mume wangu aligeuka polepole akaniangalia, sijui kama nitawahi kuangaliwa vile tena. Guka, akiwa na mipira ya oksijeni puani, alisikiliza mpaka chura akafika nyumbani.

"Asante, wajina," alisema. "Sasa nipe mama yako."

Nilishika simu. Alisema bila hasira, na afadhali angenitukana. "Wairimu, nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote. Nilijua unamnong'oneza. Nilidhani unanidanganya mimi, nikakuvumilia. Kumbe ulikuwa unamdanganya yeye."

Nilimrudishia mume wangu simu. Mimi, niliyewahi kubishana na nusu ya Nairobi!

Guka alifariki siku ya tatu. Mume wangu alienda kuzika peke yake, akarudi, akawaandikisha watoto shule bila kuniuliza. Tunaongea kuhusu gari na maziwa. Barua iko juu ya kabati. Nilitaka kumsomea mtoto, baba yake akakataa: "Ataisoma mwenyewe. Wewe umeshamsomea vya kutosha."

Shuleni walimpima, wakasema herufi zinamchanganya machoni, kwamba ana njia yake ya kufundishwa, na kwamba ingekuwa rahisi zaidi angeletwa mapema. Mapema... Miaka miwili yote nilikuwa wapi? Nilikuwa nasuka nywele za binti wa mtu!

Juzi, ndani ya gari, Karanja aliniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake hutoka akitaka chakula tu, kama Guka alikufa kwa sababu yeye alishindwa kusoma barua. Nilisimamisha gari kando ya barabara. Nilimwambia hapana mara mbili. Sijui kama aliamini hata moja.

Enyi akina mama mnaosomesha watoto wenu nyumbani, fidla si dhambi. Lakini kabla hujaongeza somo jingine, jiulize unalikimbia lipi. Kaa na mwanao leo, mpe kitabu ambacho hajawahi kukiona, kisha unyamaze.